Nyumba za Miritini zina wenyewe

Hoja zenyewe mmezisikia. Zimesemwa kwenye mabaraza ya chifu kuanzia Changamwe hadi Jomvu Kuu, zimesemwa na mawakili kortini, na zimesemwa na madalali wanaokuja na ramani iliyokunjwa. Kwa ufupi, zinadai kuwa nyumba kongwe za Miritini, hapa Mombasa, zile za miti na udongo zilizoezekwa makuti na baadaye mabati, hazina historia ya umiliki. Ardhi iliyo chini yake ina hati, na jina lililo kwenye hati si la anayelala ndani. Kwa hiyo anayelala ndani ni mpangaji leo, na kesho ni mvamizi. Nimezisoma hoja hizi pamoja na sheria zinazotajwa kuzitetea. Ninawaomba wasomaji mkae kama mahakimu: pokeeni kila dai kwa sura yake nzuri kabisa, kisha mlipime.

Dai la kwanza linasema kuwa hati ndiyo mwanzo na mwisho wa mjadala. Anayetaka kujua nyumba ilikuwa ya nani na nani aende kwenye masjala ya ardhi Mombasa, atafute kiwanja chenye herufi MN na namba ya Kirumi VI, asome majina, arudi nyumbani. Dai hili lina mguu wa kusimamia. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaitaka mahakama ichukue cheti kuwa ushahidi kwamba aliyetajwa ndiye mwenye ardhi. Ila wanaokitaja kifungu hicho huwa wanaishia katikati ya sentensi. Kinaendelea kusema kwamba hati yaweza kupingwa ikiwa imepatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa mpango wa kifisadi. Katiba nayo, ibara ya 40(6), inakataa kulinda mali iliyopatikana kiharamu. Na tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha Nyali karibu na ufuo. Kampuni ilikuwa imenunua kwa pesa zake na hati ilikuwa mkononi. Haikuisaidia, kwa kuwa ugawaji wa kwanza kabisa haukufuata sheria. Majaji walitaka kujua mzizi wa hati, si rangi ya muhuri wake.

Sisemi hati za Miritini ni za wizi. Ninasema kipimo kimewekwa na mahakama kubwa kuliko zote nchini, na kipimo hicho kinaturudisha nyuma hadi kwenye mzizi. Basi turudi.

Mzizi ni mwaka 1908, na hapo ndipo dai la pili linapokaa. Linasema kila mtu alipewa nafasi sawa: Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ilipopitishwa mwaka huo, msajili aliteuliwa, matangazo yakatolewa, na yeyote mwenye madai akaitwa ayawasilishe. Aliyenyamaza alipoteza kwa hiari yake, na wajukuu wake hawana haki ya kumlaumu mjukuu wa aliyejitokeza. Likisemwa hivyo linasikika kama mashindano ya haki. Tazameni masharti ya mashindano yenyewe. Sheria ile ilimtambua mtu mmojammoja mwenye ushahidi wa kumridhisha msajili; ardhi iliyotumiwa na mbari, ukoo au mji mzima haikuwa na fomu yake. Mijikenda waliokuwa wakilima nyuma ya bandari walikuwa na mashahidi, mipaka ya miti, na makaburi, lakini hawakuwa na karatasi. Wachangamwe na Wajomvu, ambao wamo katika ile Miji Kumi na Miwili ya Waswahili wa Mombasa na majina yao yangali majina ya mahali hadi leo, walikuwa na mashamba ya jamaa ambayo mpaka wake ulijulikana kwa kukaa, si kwa kupimwa. Na kila kipande ambacho hakikudaiwa kilihesabiwa kuwa ardhi ya Taji la Uingereza. Kunyamaza hakukuiacha ardhi mahali pake, kuliihamisha.

Kuna jambo jingine ambalo upande ule wa wenye hati haulitaji kamwe. Utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwaka mmoja tu baadaye, mtu ambaye juzi alikuwa ameandikwa miongoni mwa mali ya mwenzake aliitwa aje na vielelezo vya mali yake mwenyewe. Alikuwa na kibanda, kipande cha muhogo, pengine minazi michache aliyoipanda kwa ruhusa ya bwana. Bwana naye aliitwa mbele ya msajili huyohuyo kutaja mipaka ya shamba lote. Mwanahistoria Frederick Cooper alikiandikia kipindi hiki kitabu kizima, na kichwa chake kinaeleza safari hiyo: kutoka watumwa hadi maskwota. Mnaweza kuiita nafasi ile kila jina, ila si nafasi sawa.

Dai la tatu ndilo ninalotaka tukae nalo, kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote, na ndilo bovu kuliko yote. Upande ule unasema wakazi ni wavamizi. Aya mbili baadaye unasema wakazi ni wapangaji wanaodaiwa kodi ya kiwanja. Ningetamani wachague moja.

Tuanze na uvamizi. Ikiwa mtu aliingia bila ruhusa, akajenga waziwazi, akakaa bila kukatizwa, akaizaa familia yake hapo, basi Sheria ya Muda wa Kudai Haki, sura ya 22, inampa mwenye hati miaka 12 ya kwenda mahakamani kumtoa. Ikipita, haki ya mwenye hati inazimika, na mkazi anaweza kuiomba mahakama imwandikishe yeye. Nyumba nyingi tunazozungumzia zimepita miaka 12 mara kadhaa. Mwenye hati akisisitiza kwamba hawa ni wavamizi wa tangu enzi za babu, amejifungia mlango mwenyewe.

Mawakili wao wanalijua hilo, ndiyo maana kortini neno hubadilika. Huko mkazi anakuwa mpangaji, aliyeingia kwa ruhusa, anayelipa kodi. Na hapa lazima niwape haki yao: hoja hiyo ina nguvu kisheria. Anayekaa kwa ruhusa hawezi kudai ardhi kwa kukaa muda mrefu, na mahakama zimetupilia mbali maombi kadhaa kwa sababu hiyo. Risiti ya kodi, ambayo mzee aliihifadhi kwenye sanduku akidhani inamlinda, ndiyo iliyomnyima ardhi. Sawa. Lakini mkiipokea hoja hiyo, ipokeeni yote. Mpangaji wa nini? Hakukodi nyumba, maana nyumba haikuwako. Alikodi kiwanja kitupu, akakata boriti mwenyewe, akachimba udongo, akalipa fundi, akaezeka. Mwenye ardhi hakutoa hata fito moja. Mzee alipokufa, nyumba iligawanywa kwa warithi. Kwa Mwislamu, mke alipata thumuni, na mtoto wa kiume akapata mara mbili ya dadake, mbele ya Kadhi ambaye Katiba imempa mamlaka ya mirathi. Mmoja wa warithi akawanunua wenzake, au nyumba ikauzwa kwa mtu wa nje kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mzee wa mtaa na mashahidi wawili watatu. Kisha yule mnunuzi alikwenda kwa nani? Mara nyingi alikwenda kwa wakala wa mwenye ardhi, ili jina lake liandikwe kwenye kitabu cha kodi badala ya jina la muuzaji, na wakala akalipokea, pengine na kitu kidogo juu yake.

Hapo ndipo panaponichekesha. Tunaambiwa nyumba hizi hazina mfululizo wa wamiliki, na mfululizo huo umeandikwa kwa mkono wa wakala wa anayesema haupo. Kitabu cha kodi ni daftari la wenye nyumba: fulani, kisha mwanawe, kisha aliyenunua kwa mwanawe. Nani alimlazimisha mwenye ardhi kumpokea mgeni kama mrithi wa kodi ya mwenyeji? Kama nyumba haikuwa mali ya kuuzika, angekataa kumwandika, akasema: hapa hapakuuzwa kitu. Hakusema hivyo kwa miaka mingi. Amekumbuka kusema hivyo sasa.

Dai la nne linajaribu kulifunika pengo hilo kwa kanuni ya sheria za Kiingereza: kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi, kwa hiyo nyumba ilikuwa yake tangu boriti ya kwanza ilipochimbiwa. Kanuni ipo, na wanafunzi wa sheria huikariri mwaka wa kwanza. Ila mahakama za Mombasa na Malindi zimekwisha kutambua katika hukumu zao kwamba pwani hii ina desturi ya nyumba bila ardhi, ambapo mwenye kiwanja ni mtu mmoja na mwenye nyumba ni mwingine, na kila mmoja anaweza kuuza chake. Mtaalamu wa sayansi ya siasa na miji Richard Stren aliieleza hali hiyo ya Mombasa katika kitabu alichokitoa mwaka 1978: mwenye ardhi, mwenye nyumba, na mpangaji wa chumba, ngazi tatu katika nyumba moja. Wala si uzushi wa mjini. Nyuma yetu huku, kwenye vilima vya Kaloleni, David Parkin aliwakuta Wagiriama wakinunua na kuuza minazi mbali na ardhi ambayo minazi hiyo ilisimama juu yake, na kitabu chake kilitoka mwaka 1972. Mnazi una mwenyewe, ardhi ina mwenyewe, na anayekwea kugema anajua amlipe nani. Hata Kamisheni ya Wakfu ya Kenya inapokea kodi za viwanja ambavyo nyumba zake si za wakfu. Ikiwa kanuni ya Kiingereza ingefuatwa kikamilifu, nusu ya mirathi iliyokatwa na makadhi wa Mombasa ingekuwa hewa.

Katiba nayo ilishaona watu wa namna hii. Ibara ya 40(4) inaruhusu fidia kwa waliokaa kwa nia njema kwenye ardhi inayotwaliwa na serikali, hata kama hawana hati. Hilo si jambo la vitabuni kwa mtu wa Miritini. Reli ya kwanza ilianza kutandikwa kutoka Kilindini mwaka 1896 na ikapita huku. Reli mpya ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na kituo chake cha Mombasa kipo Miritini. Halafu ikaja barabara ya Dongo Kundu. Kila mradi wa namna hiyo unapofika, swali la nani mwenye ardhi na nani mwenye nyumba linageuka kuwa swali la hundi ni ya nani. Jambo la kuangalia ni kwamba anayeshikilia kuwa nyumba ni sehemu ya ardhi anaomba pia alipwe thamani ya nyumba ambayo hakuijenga.

Wanaongeza kwamba hizo hata si nyumba, ni vibanda vya udongo ambavyo mtu mwenye nia ya kukaa daima asingevijenga. Nani aliyezuia mawe? Masharti ya wenye ardhi wengi wa pwani yanajulikana: jenga, lakini usijenge cha kudumu, lima, lakini usipande mwembe wala mnazi. Walikataza saruji, kisha wanaonyesha udongo kama ushahidi kwamba mkazi hakuwa na nia. Hakimu yeyote angemuuliza shahidi huyo anajisikia vipi akiapa.

Dai la tano ni kwamba wenyeji waliuza wenyewe. Kuna ukweli ndani yake, na watetezi wa wakazi wanakosea wanapoukana. Reli na bandari zilipopandisha bei ya ardhi nje ya kisiwa, watu waliuza, wakiwamo Waswahili na Wamijikenda, na wanunuzi walikuwa Waarabu, Wahindi na Wazungu. Swali ni nani aliuza nini. Mzee mmoja hawezi kuuza shamba la mbari kwa dole gumba lake peke yake, kama vile kaka mmoja leo hawezi kuuza nyumba ya mirathi bila dada zake kujua. Na hata pale ambapo ardhi iliuzwa kwa haki kabisa, mauzo ya ardhi hayakuwa mauzo ya nyumba ambayo wakati huo haijajengwa. Nyumba iliyosimamishwa miaka 50 baadaye na mpangaji wa kiwanja haikuwamo kwenye bei.

La sita nitalipita haraka. Wanasema barua za Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, zilifunga mjadala, kwa kuwa Kenya iliahidi kuzitambua daima hati za ardhi zilizokwisha sajiliwa pwani. Ndiyo, iliahidi. Iliahidi kutambua hati za ardhi, wala haikuandika kwamba kila kilichojengwa juu yake ni cha mwenye hati. Tena ile daima imekwisha kupunguzwa: ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inamnyima asiye raia umiliki unaozidi ukodishaji wa miaka 99. Serikali ya Shamte yenyewe haikumaliza Januari ya 1964. Na kwa kuwa wenzetu wanapenda historia ya mikataba, wautazame pia ule wa 1895, ambao chini yake Uingereza ilimlipa Sultani wa Zanzibar pauni 11,000 kila mwaka kwa ajili ya ukanda huu huu, mbali na riba ya deni. Mkataba uliwapa Waingereza uwezo wa kusimamia ardhi ya umma, sikatai. Lakini hati zote za 1908 zilitolewa na dola iliyokuwa ikilipa kodi kila mwaka. Kwa mantiki ya wanaosema mlipa kodi hawezi kujenga haki yoyote juu ya ardhi aliyoikodi, hati zao zenyewe zina mashaka. Mimi sikubaliani na mantiki hiyo. Wao je?

Lipo dai moja ambalo lingewafaa zaidi, na nashangaa hulitumia mara chache: kwamba mwenye nyumba naye ni mtoza kodi. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Mwenyewe analala kimoja, vingine anapangisha kwa wafanyakazi wa bandarini na wa viwanda vya Changamwe. Anamlipa mwenye ardhi kidogo, anapokea zaidi. Ni kweli, na mpangaji wa chumba hana utetezi wa maana katika mjadala huu, upande wowote. Lakini angalieni dai hili linakwenda wapi. Mtu anayepangisha vyumba vyake, anayevikarabati na kuvidai, anafanya hasa anachofanya mwenye mali. Kumlaumu kwa kufaidi nyumba ni kukiri kwamba nyumba ni yake.

Dai la mwisho huja kwa sauti ya upole. Haya yote ya nini, wanauliza; serikali inunue ardhi kwa bei ya soko, iwauzie wakazi kwa mikopo, na kila mtu aende na hati yake. Mfano upo ng'ambo ya Likoni, shamba la Waitiki: serikali ililinunua kwa shilingi bilioni 1.1, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akagawa hati kwa maelfu ya watu. Sidharau hati zile. Aliyelala kwa hofu ya tingatinga anajua thamani yake. Ila wakazi walitakiwa kulipa shilingi 182,000 kila kaya, na ndipo kelele zilipoanza, wanasiasa wengine wakiwaambia wasilipe. Upande ule huita kelele hizo utovu wa shukrani. Pimeni wenyewe bei ya soko inatoka wapi. Shamba lisilo na watu lina bei yake. Lenye watu, barabara walizozichonga, misikiti, makanisa, maduka na shule lina bei kubwa zaidi. Mthamini akifika leo Miritini, kati ya kituo cha reli na barabara kuu, atahesabu yote hayo na kuyaandika upande wa mwenye hati. Mkazi atauziwa mji alioujenga.

Ikiwa ununuzi ndio njia, basi hesabu zitenganishwe kabla ya mtu yeyote kutia saini: ardhi tupu kwa bei ya ardhi tupu, na nyumba kwa jina la mwenye nyumba, kwa mfululizo uleule ulioko kwenye karatasi za mauzo, kwenye majalada ya Kadhi, na kwenye vitabu vya kodi vya wenye ardhi wenyewe. Vitabu hivyo wanavyo. Mahakama iwaamuru wavilete.